Mama Sakafuni

Kuna watu wakiingia nyumbani kwako hutazama picha za ukutani, na wengine hutazama kama kuna sufuria motoni. Mwanaasha Salehe hutazama sakafu, kisha hukaa juu yake. Ndiyo maana mafundi ujenzi wa Same na wa huku milimani wamempa jina la Mama Sakafuni. Wakimwona anashuka kwenye pikipiki na chupa yake ya maji ya sabuni ya kupimia viungo vya mabomba, hunong'onezana kwamba leo kazi itaongezeka.

Ni mzaliwa wa Same mjini, binti wa muuza vitumbua. Alipika miaka mingi kwenye hoteli moja ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama abiria wapate kula. Asubuhi moja akawasha kiberiti, na moto ukamjibu kutoka miguuni. Gesi ilikuwa imevuja na kutulia sakafuni. Alipona, lakini unyusi wa kushoto haukuota tena. Mpaka leo huuchora kwa wanja, na akiwa na haraka huuchora juu kidogo kuliko mwenzake, ukadhani kila unachomwambia kinamshangaza. Alipotoka hospitali akaenda kusomea ufundi wa gesi. Siku hizi ni mkaguzi wa kampuni inayouza majiko na mabomba, na asiporidhika yeye, hakuna mtungi unaofungwa.

Alipanda kwetu Vudee kwa ajili ya mama yangu, Eliakunda. Mama amepikia kuni tangu usichana wake, na moshi umempa kikohozi na kumnyang'anya pua. Hasikii harufu ya kitu. Ubani na samadi kwake ni mamoja. Daktari akasema moshi sasa basi. Sisi watoto wake tukashirikiana kumjengea nyumba yenye jiko la gesi, tukitaka aingie kabla ya Krismasi, ndugu wote wakiwa wamepanda kutoka mijini.

Fundi alikuwa shemeji yangu Sifael. Alijenga kama tunavyojenga huku kwenye mteremko: jiko juu, chumba cha mama chini yake kwa ngazi chache, na katikati akaacha uwazi bila mlango ili joto la jikoni limfikie, maana baridi yetu haina utani. Juu, karibu na dari, akaacha matundu ya kutolea moshi kama jiko lolote la Upareni. Kazi ilikuwa safi. Mama alikuwa ameshachagua kitanda chake kikae wapi.

Mwanaasha aliingia, akapita katikati yetu, akakaa sakafuni. Akatazama matundu ya juu, akazitazama zile ngazi. Ndipo akamwamkia mama.

"Marahaba," mama akaitikia kwa shingo upande. Kisha akanigeukia. "Anakaa kwanza, halafu ndiyo anasalimia! Huko kwao hawafundwi?"

Kwa mama yangu, shikamoo ndicho cheti cha mtu. Nilijua mgeni wetu ameshafeli.

"Fundi," Mwanaasha akasema, "toboa tundu hapa chini kabisa, litoke nje. Na huu uwazi wa kwenda kwa mama uuzibe kwa matofali. Mfungulie mlango mwingine upande wa uwanja."

Sifael akacheka. Watu hututania sisi Wapare kwamba tunapenda kesi, na huyu shemeji yangu anaweza kufungua kesi na ukuta. "Dada yangu, hewa mbaya inapanda. Babu zetu wote walitoboa juu. Tundu la chini ni la kukaribisha baridi na nyoka."

"Moshi unapanda. Gesi ya mtungi ni nzito, inashuka."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mwanaasha akauliza, "Ndiva yenu mmeitoboa wapi?"

Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba. Tundu lake liko chini; likizibuliwa, maji yanashika mfereji yenyewe. Sifael ndiye anayeitwa kuikarabati kila inapobomoka.

"Chini, bwana. Ukitoboa juu maji yatatokaje?"

"Basi hili jiko ni ndiva. Gesi ikivuja itajaa kuanzia sakafuni. Na mfereji umeshauchimba mwenyewe." Akanyoosha kidole kwenye zile ngazi, mpaka pale kitanda cha mama kilipopangiwa. "Unampelekea mtu asiyesikia harufu."

Sifael alitoka kutafuta nyundo na patasi.

Krismasi ilitukuta jiko bado linatobolewa na kuzibwa, makande ya ukoo mzima tukayapika kwa jirani yetu Jenifer, nami nilinung'unika kila nilipobeba sufuria. Mama alininyamazisha kwa kunung'unika zaidi yangu. Mtungi ulipofungwa hatimaye, nje ya ukuta wa jiko, akalalamika kwamba lile tundu linampiga baridi ya miguu, akalisokomeza gunia. Mwanaasha anawajua wazee wetu. Alirudi bila taarifa, akalichomoa gunia, akafunga wavu wa chuma, na gunia lenyewe akaondoka nalo kwenye pikipiki. Mama alimwita mwizi.

Mwezi wa saba, mimi nikiwa shambani, panya alitafuna mpira wa gesi nyuma ya jiko. Mama alikuwa amelala chumbani kwake, kikohozi kimemchosha. Jenifer alikuwa akikata majani ya ng'ombe chini ya ukuta wetu, na harufu ikamshukia usoni kutoka kwenye lile tundu. Akapanda mbio, akafunga koki ya mtungi kule nje, akagonga mlango wa mama huku akipiga kelele. Mama akatoka na kanga yake begani.

"Kuna nini? Mbona mimi sisikii chochote?"

Nilipofika nilimkuta uwanjani kwa Jenifer, anakunywa chai na kulalamika kwamba sukari ni kidogo. Nikamshika mikono, nikalia mbele ya watu bila aibu. Namshukuru Mungu mpaka leo, na yule aliyemtuma kwetu namshukuru kwa jina lake, Mwanaasha.

Kesho yake Mwanaasha alipanda kubadilisha mpira na kukagua upya. Mama aliposikia pikipiki akavaa kitenge chake cha kanisani. Mgeni akaingia kama kawaida yake, moja kwa moja mpaka jikoni, akakaa sakafuni. Mama akamfuata. Akashika ukuta, akakunja magoti yake ya kizee taratibu, akakataa mkono wangu, akakaa pale chini kando yake.

"Shikamoo," mama akasema.

Mwanaasha akashtuka. "Hapana, mama! Mimi ni mwanao. Shikamoo natoa mimi."

"Ya kwako ulishanipa, nikaipokea vibaya. Hii ni yangu. Itikia."

Mwanaasha akanitazama, akamtazama Sifael mlangoni. Hatukumsaidia. Akajifuta macho, wanja ukamwenda mpaka shavuni.

"Marahaba, mama."

"Haya," mama akasema. "Sasa nikagulie jiko langu."