Swali la Ng'ombe Kule Ipililo

Nilikwenda Ipililo kwa sababu ya mtoto mmoja, Kabula, aliyekuwa amekosa miadi ya daktari Bariadi mara mbili. Daktari wa watoto wenye shida za tabia na hisia huja kwetu kwa nadra. Alhamisi angekuwepo, kisha asingerudi kwa miezi. Simu ya mama yake Kabula haikupatikana, na mimi ndiye mratibu, kazi yangu ni kuunganisha familia, shule na hospitali. Sikuisomea chuoni. Nilijifunza kwa kujitolea na kusoma kwenye simu, ndiyo maana kila siku naogopa kukosea.

Asubuhi, nyumbani kwangu Somanda, hapo hapo Bariadi. Nilifunga mkoba, nikaufungua, nikaufunga tena. Maswali niliyakariri mbele ya kioo mpaka dada ninayepanga naye akauliza kama naenda kuposa.

Maswa nilishuka basi nikapanda bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi ulinata kwenye magurudumu hadi tukasukuma pikipiki katikati ya mashamba ya pamba.

"Madam, viatu vyeupe hivyo umemvalia nani?" dereva akauliza.

Nilivivaa ili nionekane najua ninachofanya.

Mchana tukafika. Mama yake Kabula alinipokea kwenye uzio wa minyaa. Kabula, wa miaka minane, alikuwa kivulini, mguu wake umefungwa kamba ya ndama.

"Nikienda kupalilia anakimbilia lamboni," mama alisema bila kunitazama. "Juzi tulimtoa maji yamefika shingoni."

Kamba ilikuwa imezungushiwa kipande cha khanga ili isimchubue. Maneno yote niliyokariri yakanitoka kichwani.

Mwenye uamuzi alikuwa babu yake, mzee Mhoja, aliyeketi karibu naye. Nikapiga goti, nikamwamkia babu kwa Kisukuma. "Mwadila, guku."

"Mwadila, mayu," akaitikia, akiniita mama kwa heshima. "Mkimchukua mtamlaza huko. Mtoto wa jirani alilazwa, hakurudi."

"Hatumlazi, guku. Daktari atamwona mkiwepo, na mtarudi naye siku hiyo hiyo."

Akaanza kulainika, na hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye karatasi yangu lilibaki swali moja kuhusu hali ya kaya, nami siwezi kuvumilia nafasi iliyo wazi.

"Mna ng'ombe wangapi?"

Mama akaziba mdomo. Huku ng'ombe wa mtu hawahesabiwi na mgeni, ni kuwaitia balaa. Nilikuwa nimeshaambiwa. Mzee akasimama.

"Kumbe umefuata mifugo. Mtoto ni kisingizio."

Niliomba radhi hadi sauti ikakatika. Mzee akanigeukia.

"We binti, kabila gani?"

"Mgogo, guku. Wa Dodoma."

Akajipiga paja. "Mgogo! Ndiyo maana! Anahesabu ili ajue aombe wangapi!"

Ninyi wa nyumbani mnaujua utani wetu na Wasukuma, wanaotuita ombaomba. Mimi sikuwa nimekariri jibu.

"Sisi tunaomba kwa adabu, guku. Ajabu ni ninyi, zizi zima linamwogopa Mgogo mmoja mwenye viatu vyeupe!"

"Vyeupe viko wapi?"

Nikaangalia chini. Tope lilikuwa limevifunika kabisa. Mzee akacheka hadi akakohoa. Kabula akajivuta karibu, akaanza kulikwangua tope kwa kidole, polepole. Sikusogeza mguu.

"Kaa ule," mzee akasema. "Nitafikiri."

Hakuahidi zaidi ya hapo. Jioni nilirudi Somanda nikijilaumu njia nzima. Lakini swali la ng'ombe nililiacha wazi, na sikufa. Lililomzuia mzee kunifukuza halikuwa kwenye maandalizi yangu. Lilitoka baada ya kukosea, nilipobaki pale na aibu yangu badala ya kukimbia.

Alhamisi, hospitalini Bariadi, mchana ulipita. Daktari alikuwa anafunga mkoba niliposikia sauti getini.

"Mgogo!"

Mama alikuwa nyuma. Mbele alitangulia mzee Mhoja, amemshika Kabula mkono. Nikatazama mguu wa mtoto: kamba haikuwepo.

"Huyu," mzee akasema, "nakuruhusu umhesabu."

"Mmoja, guku," nikasema, nikawafungulia mlango wa daktari.