Zamu ya Ardith Kjelgaard

Ardith Kjelgaard alimzika mumewe, Merle, tarehe 4 Machi 2017, katika makaburi ya Dunmore, mji pekee wa Kaunti ya Tarbell, jimbo la Nebraska, Marekani. Ardhi ilikuwa imeganda. Majirani waliivunja kwa sururu.

Tarbell ni vilima vya mchanga vilivyoshikiliwa na nyasi. Babu yake Merle alifika mwaka 1905, serikali ilipokuwa ikigawa ardhi bure kwa atakayekaa juu yake. Wengi walilima, upepo ukabeba mchanga, wakahama. Walioacha jembe wakafuga ng'ombe ndio waliobaki. Leo watu hawafiki mia tano, na kila ranchi inayouzwa kwa tajiri wa mbali huacha nyumba moja gizani.

Ndama hupigwa chapa mwezi Mei. Hakuna anayeajiriwa: nenda kwa jirani, naye atakuja kwako. Mei ile walikuja wote kwa Ardith, kulipa jasho alilomwaga Merle kwao. Baada ya hapo hawakudaiwa kitu. Aprili iliyofuata jirani yake, Lowell Prochaska, aliketi jikoni kwa Ardith, kofia magotini, akazungusha maneno hadi akafika: watamsaidia tena, ila afikirie kuuza. Mwana wa Ardith, anayeishi mjini Omaha, alikuwa ameshasema hivyo hivyo.

"Msaada sitaki, Lowell," alisema Ardith. "Nataka zamu."

Lowell alimkumbusha kwamba ana miaka sitini na minane. Ardith akajibu kwamba magoti yake humkumbusha kila asubuhi.

Mei ilipofika, kwenye ranchi ya kwanza alikosea. Alipeleka pai, kama alivyozoea miaka yote Merle alipokuwa akikamata ndama kwa kamba. Watu walikula, wakashukuru, na hakuna aliyeuliza siku yake ya kupiga chapa ni lini. Pai hailipwi kwa jasho.

Ranchi ya pili, ya jirani mwingine, alifika na farasi wa Merle.

"Bi Ardith, leo umesahau chakula?" Lowell alimtania mbele ya wanaume.

"Mkeo anapika vizuri kuliko mimi. Wewe ndiye hujui kukamata ndama."

Walicheka, wakampisha. Alishika miguu ya nyuma ya ndama, akaketi mchangani, akavuta huku mwingine akigandamiza shingo na chuma cha moto kikiunguza manyoya. Kwato moja ilimpasua mdomo. Hakuna aliyempa pole. Alipewa ndama mwingine. Akaenda hivyo ranchi baada ya ranchi.

Siku yake ilipofika, trela zilitimua vumbi barabarani kabla jua halijapanda. Hakuna aliyekosekana. Walifanya kazi, wakala nyama na maharage, na Lowell akasimama akivaa glavu zake.

"Kwangu ni Jumanne, Bi Ardith. Ukichelewa tunaanza bila wewe."

Jioni alimpigia mwanawe simu kumwambia ranchi haiuzwi. Jumanne alfajiri alipakia farasi kwenye trela, akaenda kwa Prochaska.