Trekta Iliyojua Kupanda

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, hakuna aliyewahi kumdanganya Consolate kwa nguo. Kwa miaka ishirini na miwili amefungua mabalo ya mitumba kila Jumatatu na Alhamisi, na kabla vumbi la balo halijatua anakuwa amekwisha kujua koti lipi limeliwa na nondo kwapani, blauzi ipi ina kifungo kisicho ndugu na wenzake, na suruali ipi mwenyewe wa kwanza aliugulia ndani yake. Hilo la mwisho wateja hawalipendi, lakini yeye hulisema vilevile, kwa upole, kama anayetoa pole. Wachuuzi wenzake humletea nguo wanazozishuku. Yeye hugeuza mshono, hunusa, hutikisa kichwa, na kesi inakuwa imekwisha.

Ndiyo maana siku aliyokwenda kununua trekta hakumchukua fundi. Fundi wa nini? Kilichotumika ni kilichotumika, kiwe gauni au kiwe chuma.

Sababu ya trekta ilikuwa shamba, na sababu ya shamba ilikuwa Venant, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Consolate alimbeba mgongoni mpaka mtoto akaota vigimbi. Baba yao, Mzee Bulonza, alipofariki kule Kavumu aliacha shamba moja refu linaloanzia barabarani na kushuka hadi kwenye mfereji wa kinamasi. Aliacha pia neno lisilozoeleka: ligawanywe katikati kwa urefu, nusu ya Venant, nusu ya Consolate. Venant alisema kuwa mwanamke aliyeolewa anakula alikoolewa. Consolate akajibu kuwa yeye ni mjane, na alikoolewa wameshakula wenyewe. Maneno yakafika kwa shefu wa kijiji, yakachacha huko, na mbele ya watu wote Consolate akaapa kuwa mguu wake hautakanyaga udongo wa Venant mpaka siku ya maziko, bila kufafanua maziko ya nani. Shefu, aliyekuwa na njaa, alikata shauri haraka: mstari wa minyaa upandwe katikati, kila mtu alime kwake, na nusu itakayolala misimu mitatu mfululizo bila kulimwa irudi kwa mwenzake.

Misimu miwili ilikuwa imelala tayari. Si kwamba vibarua wa Kavumu walikataa kumlimia Consolate. Walisema watakuja kesho. Hakuna aliyetaka kupita na jembe mbele ya uso wa Venant kwa ajili ya mwanamke ambaye jioni hupanda gari na kurudi Kadutu. Sasa mvua za Septemba zilikuwa zinanukia, na baada yake shamba la baba lingekuwa la Venant peke yake, kwa sheria. Consolate alifikiri juu ya hilo usiku kucha na asubuhi akasema kwamba trekta haimuogopi mtu.

Trekta ilikuwa kwa Papa Benoît, mtu wa biashara nyingi zisizoeleweka, aliyeipata kwa mradi mmoja uliofungwa. Consolate alipofika kwenye ua wake, chini ya mlima wa Cimpunda, aliikuta imeshatolewa nje ya lango, pua ikitazama juu, imeoshwa mpaka inang'aa. Akaanza kazi. Alikagua mishono ya kiti na kugundua mahali paliposhonwa kwa uzi wa rangi nyingine, akashusha bei. Alinusa boneti. Alipitisha ukucha kwenye rangi. Kisha akaomba jaribio ambalo kila mtu wa Bukavu huliomba, maana mji huu umejengwa juu ya migongo ya milima, na mwenyeji hakuulizi gari lako linakimbiaje. Anakuuliza kama linapanda.

Trekta ikapanda. Ikapanda Cimpunda na jembe lake la sahani mgongoni, polepole, bila kukohoa, watu wakiipisha na kuisifu. Papa Benoît alishauri washuke kwa njia nyingine ya kuzunguka, ili maman aone ziwa vizuri. Consolate aliliona ziwa. Lilikuwa zuri sana asubuhi hiyo.

Akalipa. Dereva aliyemkodi kuipeleka Kavumu alikuwa Willy, mtu mzima mwenye maneno machache, aliyeendesha malori ya Minova miaka mingi. Walipofika Mudaka njiani, katikati ya soko, trekta ikazimika. Mshale wa mafuta ulionyesha kuwa tangi limejaa. Willy alifungua tangi, akachungulia, akakuta ni kavu kama mtungi wa msibani. Mshale ulikuwa umegota hapo tangu enzi za mradi. Consolate alicheka. Nguo ya balo isiyo na kasoro hata moja, alimwambia Willy, ujue imeibwa.

Jumapili trekta ilipelekwa parokiani ibarikiwe. Willy aliingia nayo kwa heshima mpaka mbele ya pango la Bikira Maria, akasimama shubiri moja kabla ya maua. Abbé Élie alinyunyiza maji, kwaya ikaimba, Consolate akafuta jicho. Kisha Willy akashika gia arudi nyuma, na trekta ikatoa sauti ya sufuria inayokwanguliwa ukoko. Akajaribu tena. Sauti ikawa ileile, trekta haikusogea, na kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Ilibidi wanaume thelathini wavue makoti ya Jumapili, waisukume kinyumenyume hadi langoni, huku wanawake wakiokoa vyungu vya maua. Jasho lilipokauka, Abbé Élie alimsogelea Consolate na kumwambia kwa sauti ya toba:

"Maman, baraka nilitoa yote. Lakini bwate ya vitesi, ile sanduku ya gia, sikuifungua."

Jioni ile habari ilikuwa imeshafika kwa Venant. Katika Kavumu habari hazihitaji barabara.

Fundi Hugues alikuja kutoka Kadutu kwa pikipiki, akafungua sanduku la gia, akakaa akilitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya huzuni. Gia ya kurudi nyuma haikuwa imeharibika, alieleza. Haikuwemo. Mtu aliichomoa zamani, pengine ikaponye trekta nyingine. Mpya ingetoka Kampala, na kwa bahati nzuri ingechukua miezi miwili. Consolate akampigia simu Papa Benoît, akaongea kwa dakika nne bila kuvuta pumzi. Papa Benoît alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Maman, weye uliuliza kama inapanda," akasema. "Ilipanda ao haikupanda?"

Consolate alikata simu, kwa sababu ilipanda. Kilichomuuma zaidi kuliko vyote ni kukumbuka jinsi alivyoshangilia kuupata ule uzi wa kiti.

Lakini mvua haingoji Kampala. Jumatano Willy aliingiza trekta shambani kutokea barabarani, Consolate akitembea pembeni na kanga kiunoni. Nusu yake ilikuwa na upana wa hatua kumi na mbili tu. Kulia ukuta wa shule, kushoto minyaa ya Venant, chini mfereji. Sahani zilizama, udongo mweusi ukapinduka na kunuka kama siku za utoto, na kwa muda wa mfuo mmoja mrefu wa jembe Consolate alikuwa mwanamke mwenye furaha. Kisha wakafika mferejini.

Pua ya trekta ilitazama maji. Kugeuka ndani ya hatua kumi na mbili hakukuwezekana bila kurudi nyuma, na kurudi nyuma kulikuwa Kampala. Juu barabarani watu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye ukingo kama wako uwanja wa mpira, wakimenya miwa. Consolate aliwapungia waje wasukume. Walimpungia pia.

Hapo ndipo Venant alipotokea ng'ambo ya minyaa, amevaa kofia ya marehemu baba yao, ambayo Consolate aliitafuta siku nyingi. Hawakuwa wamesemezana tangu kwa shefu. Alitazama trekta, akatazama mfereji, akawatazama watazamaji, hana haraka.

"Maman wa Kadutu," akasema, "ile machine yako iko naogopa maji?"

"Haiogope kitu. Iko napumuzika."

"Iache ipumuzike. Ni ya baraka."

Barabarani watu walicheka. Consolate alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa jibu kali, la kumaliza mambo; lakini alipomtazama vizuri aliona kuwa Venant ameshika kiuno kwa mkono mmoja, vile baba yao alivyokishika miaka ya mwisho, na kuwa nyuma yake shamba lake nalo lilikuwa halijaguswa. Majani yalimfika magotini. Vibarua walimwambia na yeye watakuja kesho, kumbe. Au hakuwa na cha kuwalipa, au mgongo umekataa, hilo hakuuliza. Alilimeza jibu lake, na halikuwa tamu.

Chini pale mferejini minyaa iliishia mapema, ikaacha nafasi ya ng'ombe kupita, na juu barabarani vilevile. Trekta ingeweza kuuzunguka ule mstari kama mtu anayezunguka meza: kushuka kwake, kupanda kwa Venant. Willy alikuwa ameshaliona hilo tangu mwanzo, lakini yeye si mtu wa maneno. Consolate naye sasa aliliona.

Venant ndiye aliyesema, akiitazama kofia yake aliyoivua.

"Mbele ya shefu ulisema muguu yako haitakanyaga kwangu. Mimi nilisikia muguu. Mipira ya tracteur, ile sikusikia."

Barabarani watu waliacha kumenya miwa.

"Sikuitaja," Consolate alikubali, kwa sauti ya shahidi mahakamani.

"Basi panda. Lakini mukipita kwangu musinyanyue jembe. Mipira tupu itanikazia udongo."

Consolate alimwelewa vizuri kabisa. Mtu huyu alikuwa anataka kulimiwa shamba zima bure, na alikuwa amelisema kwa namna ambayo ingeonekana yeye ndiye aliyetoa msaada. Ulikuwa ujanja wa Mzee Bulonza, mzima, bila kasoro hata moja. Akakunja kanga, akapanda juu ya bati la gurudumu, akajishika kwenye kiti chenye uzi wa rangi nyingine.

Wakazunguka. Walishuka kwa Consolate na kupanda kwa Venant, na trekta ilipanda kama kawaida yake. Saa sita Séraphine, mke wa Venant, alileta bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Wakati huo walikuwa upande wa Venant, kwa hiyo Consolate alikula akiwa juu ya gurudumu, sahani mapajani, miguu ikining'inia shubiri mbili juu ya udongo. Séraphine alimwangalia, akaangalia ile miguu, akasema tu kwamba chumvi ipo kama haitoshi. Watazamaji walikuwa wengi kuliko asubuhi, na wawili kati yao walikuwa wale vibarua wa kesho.

Ulibaki mzunguko mmoja wakati wingu lilipofunga upande wa ziwa. Walikuwa katikati ya shamba la Venant, wanapanda. Trekta ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Mshale wa mafuta ulionyesha kuwa tangi limejaa.

Willy alishuka, akachukua kidumu, akaenda kutafuta mafuta Kavumu senta. Consolate akabaki juu ya gurudumu kama bendera. Ilipita nusu saa. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, ya kuhesabika, kisha hayakuhesabika tena. Watazamaji wakakimbia. Angeweza kushuka, na hakuna aliyebaki kumwona, lakini yeye mwenyewe alikuwepo.

Venant alikuja kutoka nyumbani na mwavuli mmoja uliovunjika ubavu na gunia tupu kwapani. Akalikung'uta gunia, akalitandika chini ya gurudumu kwa uangalifu, akivuta pembe zake nne kama anayetandika kitanda cha mgeni.

"Kanyaga gunia, yaya," akasema. "Udongo hautajua."

Yaya, dada mkubwa. Consolate hakuwa ameitwa hivyo tangu kilio cha baba yao. Akajishusha polepole, na kwa umri wake halikuwa jambo la kupendeza kulitazama. Akasimama juu ya gunia, chini ya mwavuli, karibu kabisa na kofia ile ya mzee iliyolowa. Wakasimama hivyo, wakiangalia mvua inavyoingia kwenye mifuo bila kuchagua upande. Nyumba ilikuwa mbali, hatua mia moja hivi.

"Uko na gunia ingine?" akauliza.

"Iko hii moja tu."

Consolate alivua viatu, akavishika mkononi. Na wakaenda.

Novemba mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, pande zote mbili. Jumapili moja Venant alipiga simu Kadutu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizungumzia mvua, akazungumzia mbuzi wa Séraphine, na mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka tu, akauliza kama ile pièce ya Kampala ilikwisha kufika, maana msimu wa Februari si mbali. Consolate akasema bado.

Ilikuwa imefika siku tatu zilizopita. Kesho yake alikwenda kwa Hugues kuiona. Fundi aliifungua kutoka kwenye karatasi ya mafuta, ikiwa mpya, inang'aa kama pete. Consolate aliipima mkononi, akaigeuza, akainusa, akapitisha ukucha kwenye meno yake moja baada ya jingine, na akatikisa kichwa. Jino moja lina ufa, alisema. Irudishwe.

Hugues alivaa miwani, akahesabu meno yote, akayahesabu tena akiwa mlangoni penye mwanga.

"Maman, hii iko muzima. Sioni kitu."

"Mimi ninajua kasoro nikiiona," Consolate akamwambia kwa upole, na akaondoka haraka, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu na balo lilikuwa linamsubiri.