Chumba Nilichompa Mama Mkwe

Ile asubuhi niliyomkuta mama mkwe wangu kwenye chumba cha kufulia, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kati ya mashine na kapu la nguo chafu, miguu ameinyoosha kwenye kipande cha jua sakafuni. Neema wangu, ambaye wakati huo hajaanza shule, amejilaza mapajani mwake. Wanacheka wote wawili. Na mimi, badala ya kufurahi, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nakuandikia haya, wewe nikuitaye mwanangu ingawa sikukuzaa, kwa sababu umeniambia mmepata nyumba ya mbao kule Penrith, pembeni mwa Sydney, yenye madirisha ya zamani ya kusukuma juu, na kwamba mama yako anakuja mwezi wa saba. Mimi si fundi. Shule niliishia darasa la sita, kambini kwa wakimbizi Tanzania, na daftari langu la siku zile za mama mkwe lina makosa mengi, mengine ya mwandiko, mengine ya roho. Lakini kuhusu baridi ya nyumba kuukuu nadhani nina neno. Ukiona nimekosea, nisahihishe.

Kwetu Warundi, mgeni mkubwa hafichwi nyuma karibu na jiko. Basi mama mkwe alipofika kutoka kambini, katikati ya baridi, nilimpa chumba cha mbele, chenye madirisha mawili makubwa ya kutazama barabara. Nikatundika mapazia meupe mepesi, nimeyapiga pasi mwenyewe. Mimi, mume wangu na Neema tukajibana kwenye kachumba ka nyuma. Nilisema moyoni, akiamka aone miti, aone magari, ajue mwanawe amefika mahali. Na watu wa kanisa wakija Jumapili kumsalimia, wamkute kwenye heshima yake.

Sikujua kwamba chumba kile kilitazama kusini, na huku Sydney wakati wa baridi jua hupita upande wa kaskazini. Kwetu jua linapita juu ya kichwa, nani anauliza chumba kinatazama wapi? Madirisha nayo yalikuwa yamelegea. Upepo ukija yanagonga kama mtu anapiga hodi. Kusema haki, yule dada wa ofisi ya kupangisha alitutahadharisha siku aliyotukabidhi ufunguo. Mimi nilimwitikia ndiyo, ndiyo, huku napima mapazia kwa macho. Hita tuliiwasha kutwa, ikawa kama kujaza maji kwenye pakacha.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa kwangu siku ya tatu alimwambia mwanawe, "Nipeleke kwa mdogo wako Brisbane. Nasikia kule kuna joto."

Nilisikia nikiwa jikoni. Mwanangu, niliumia. Mama yangu mzazi nilimzika kambini. Huyu ndiye niliyemtegemea awe mama yangu, na awe bibi wa Neema. Jioni hiyo niliandika kwenye daftari: "Amenikataa. Ameona sifai." Maneno hayo yapo, siyafuti. Lakini sikumtendea haki, maana yeye hakunitaja mimi, alitaja joto. Mume wangu akaanza kutafuta tiketi ya Jumatatu, na begi la mama mkwe nikaliona limesimama karibu na mlango.

Sasa Jumamosi ndiyo nikamkuta kule kwenye kufulia.

"Mama! Unakaa na nguo chafu? Watu watanionaje?"

"Watu gani? Humu tuko mimi, Neema na mashine."

"Rudi chumbani kwako, mama. Kule ni kuzuri."

"Kuzuri sana," akasema, akapuliza chai yake. "Nenda ukakae wewe kwanza. Mimi nikimaliza kikombe, uje unieleze uzuri wake."

Nikaenda, tena kwa hasira kidogo. Nikaketi kitandani kwake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi chumba kile nilikuwa nimekifagia tu, sijawahi kukilalia. Madirisha yamefungwa, lakini pazia linavimba na kunywea kama linapumua. Vidole vya miguu vikaanza kuuma. Nikavuta blanketi nijifunike, na chini yake nikakuta vitenge vyake vyote, sweta, hadi gauni la kanisani, vimepangwa tabaka juu ya tabaka. Nikaliinua lile begi la mlangoni. Jepesi. Tupu kabisa. Hakuwa amefunga safari; alikuwa amejifunika safari.

Nilirudi nimenywea. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha mno. Kila ukifungua mlango, 'Mama, umeiona barabara?' Mkwe wangu, nimeiona. Ni ileile." Akacheka, kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya kile kikombe. "Ukimheshimu mtu mzima, muulize kwanza miguu yake ikoje."

Hayo ndiyo makaripio yangu yote. Nimewahi kukaripiwa kwa fimbo, hayakuniingia hivi.

Basi siku ile ile tukabadilishana vyumba, yeye nyuma kwenye jua, sisi mbele. Halafu akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la kitenge, akaushika kwa vidole viwili, akawa anaupitisha polepole pembeni mwa kila dirisha. Uzi ukiyumba, anasema, "Mwizi huyu hapa." Kambini kila kiangazi alikuwa anakandika nyufa za nyumba yake, upepo anaujua tabia. "Hapa udongo mnauweka wapi?" akauliza, na mume wangu akacheka hadi akakaa chini.

Udongo hatukuwa nao. Tukakata miguu ya jinzi kuukuu, tukajaza matambara, tukashona ncha, tukalaza chini ya madirisha. Neema akashonewa vifungo vya macho kwenye ile miguu ya jinzi, ikawa nyoka wake. Kwenye nyufa za fremu tukabandika vipande vya sponji. Mume wangu akaleta kutoka kwenye ghala analofanyia kazi, kule Wetherill Park, ile plastiki ya viputo inayofungiwa vyombo. Ilikuwa chakavu ya kutupwa, na aliiomba kwa msimamizi kwanza. Unalowesha kioo kwa maji, unaibandika, inashika yenyewe. Nikatundika blanketi zito. Mapazia yangu meupe mama akakataa yatolewe. "Yaache kwa mbele," akasema, "mkwe wangu apate sifa zake."

Mimi nikanogewa, nikataka kuziba hata kidirisha cha bafuni. Akanizuia: "Hata chungu kina pa kutolea mvuke." Na ni kweli. Jirani yetu mmoja aliziba kila mahali, ukuta ukaota ukungu mweusi.

Jumapili wageni wa kanisa wakaja. Chumba cha mbele hawakukitaka hata kidogo. Walijazana nyuma, wengine kitandani, wengine sakafuni, vikombe vikipita juu ya vichwa. Dada mmoja Mkenya, nesi, akauliza, "Mama, si tumesikia Jumatatu unaenda Brisbane?"

Nikasimama na birika, kikombe hakijajaa.

"Brisbane nitaenda kutembea," akasema. "Nikihama, huyu nani atamtazamia madirisha? Yeye anajua kuonyesha barabara tu."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nami nililia, na nilikuwa nacheka. Alikaa nasi mpaka Neema akamaliza shule.

Basi mwanangu, kabla mama yako hajaja, lala usiku mmoja kwenye chumba utakachompa. Ujue jua linaingilia wapi. Upande huo fungua mapazia asubuhi, uyafunge kabla halijazama. Ziba nyufa zikiwa ndogo, ila acha pa kutolea mvuke. Na jiko la mkaa, hata likibaki makaa mawili, lisiingie ndani kamwe. Linaua bila kelele. Akishafika, usimuulize kama chumba ni kizuri, maana atakwambia ni kizuri. Mguse miguu.

Mungu awape mwezi wa saba wenye jua. Mama yako akae kwenu kwa kupenda, awachoshe kwa hadithi, na asikie joto mpaka adai mfungue dirisha.