Pumzi ya Kipaza

Tulimwita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Mtu wa mashine ya kusaga nafaka hana budi kupiga kelele. Mota inanguruma, mkanda unachapa, na wateja wamepanga ndoo zao wakibishana nani aliwahi. Yeye alisimama juu ya sanduku la mbao akimimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, na sauti yake ikatoka mle ndani, ikavuka barabara, ikamfikia fundi viatu wa upande wa pili. "Jamani, msigombane! Mahindi hayajui nani kaamka mapema!" Watu wakacheka, foleni ikatulia.

Nyumba yangu na yao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe haukufika kwenye bati, kwa hiyo kilichosemwa kwao kilisikika kwangu. Mkewe nilimwita dada, naye Kipaza akaniita shemeji. Kila jioni nilimsikia akikung'uta nguo mlangoni, akianza kuhadithia ya mashineni hata viatu hajavua. Alirudi mweupe kuanzia kope hadi kucha za miguu. Watoto wa mtaa walipomwona walijidai kuogopa, naye akawafukuza akinyata kama mzuka, mpaka mama zao wakaja kuwaita wakale.

Kikohozi kilipoanza hakuna aliyekitilia maanani. "Ni unga tu," alisema, na kweli kila aliyewahi kufanya kazi pale alikuwa na kikohozi chake, kama seremala anavyokuwa na kovu kidoleni. Alichemsha tangawizi, akalamba asali, akaendelea kumimina.

Kilichomfichua si kikohozi, ni salamu. Njia ya kutoka mashineni kuja kwetu ina mlima. Zamani aliupanda na kiroba begani huku akipiga mluzi. Sasa akawa anasimama kila mlango. Hamjambo humu? Mguu wa bibi umepona? Kuku wanataga? Watu wakamsifu kwamba umri umemfundisha utu. Mkewe peke yake ndiye aliyeshtuka. Tulikuwa tunaanika nguo, akanishika mkono.

"Jana kasimama kwa yule mzee waliyegombania naye mfereji," aliniambia. "Kamuuliza mpaka hali ya mbwa. Mume wangu hampendi yule mzee, na mbwa ndiyo kabisa. Yule anatafuta pumzi, mdogo wangu."

Hakumuuliza mumewe. Aliogopa akiuliza atajibiwa.

Jibu lilikuja lenyewe, mchana, foleni ikiwa imejaa. Kipaza alinyanyua debe, akalifikisha kifuani, likagoma kupanda zaidi. Akaliachia. Mahindi yakamwagika juu ya sakafu, naye akashika ukingo wa mashine, mdomo wazi. Mwenzake, mwembamba mmoja aliyekuwa akipokea unga upande wa chini, akakimbilia swichi. Mota ilipozimika, kwa mara ya kwanza watu wa foleni wakasikia kilichokuwa kimefunikwa na kelele siku zote: kifua cha Kipaza kikilia filimbi, ndani na nje, kama mlango unaosukumwa na upepo. Hakuna aliyecheka. Mwembamba alimkalisha kwenye magunia akampepea na kofia.

Hospitali tulikwenda watatu, yeye, mkewe na mimi. Wakampima kifua kikuu, hana. Wakampiga picha. Daktari aliongea taratibu na hakuzunguka: mapafu yameharibiwa na vumbi la miaka mingi, sehemu iliyokufa haifufuki, ipo dawa ya kuvuta ya kumpunguzia, na kazi ile aiache. Halafu akatuelekeza chumba cha mwisho wa korido, kwa dada wa mazoezi.

Dada wa mazoezi alikuwa binti mdogo wa umbo, mwenye viatu vya raba. Alimkalisha Kipaza kwenye kiti kisicho na mgongo, akamzunguka akimtazama kama fundi anavyolitazama shati kabla ya kulifumua.

"Baba, mabega yako yamehamia masikioni," alisema. "Hebu yashushe."

"Haya hapa chini."

"Bado. Shusha tena." Akaweka viganja juu yake, vikateremka pamoja na mabega. Mimi mwenyewe nilishangaa kuona shingo yake ilikuwa ndefu kiasi kile. "Umezoea kunyanyua, sasa hata ukipumua unanyanyua. Kifua kinapanda juu, tumbo halisogei, na hewa haiendi mbali. Weka mkono hapa, chini ya mbavu. Vuta kwa pua, polepole, mkono usukumwe. Ukitoa, kunja midomo kama unapoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Usikimbilie hewa, itoe kwanza, itarudi yenyewe."

Kipaza alimtazama kwa hasira. "Binti, mimi nimeanza kupumua mama yako hajazaliwa."

"Ni kweli, baba. Ila mapafu uliyokuwa nayo wakati ule sasa huna."

Akamwonyesha namna ya kukaa akizidiwa, ameinama mbele, viwiko juu ya magoti. Namna ya kuinama kufunga viatu huku akitoa hewa. Namna ya kupanda mlima, hatua zikifuata pumzi badala ya pumzi kukimbizana na hatua. Kabla hatujatoka akasema neno ambalo mkewe alilishika na Kipaza akalikataa: "Haya mazoezi hayaponyi. Yanakufundisha kutumia kilichobaki, na kutokuogopa."

Kipaza alipofika nyumbani nilimsikia kupitia juu ya ukuta. "Nimekwenda hospitali, nimepigwa picha, nimetobolewa mkono, mwisho naambiwa nipumue. Mtoto wa juzi ananifundisha kupumua!"

Ikapita wiki, mazoezi hayafanyi. Anakaa mlangoni mabega juu, anakohoa. Mkewe alikuwa mfagizi kwenye shule ya sekondari, kutwa ameinamia fagio fupi, na mgongo wake nao ulikuwa na mashtaka yake. Hakugombana naye. Jioni moja alivuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, akaanza kufanya mazoezi yeye. Na aliyafanya vibaya, kwa makusudi. Nilimsikia akivuta hewa kwa kishindo kama anayenusa tumbaku.

"Siyo hivyo," Kipaza akasema.

Mkewe akaendelea.

"Nakwambia siyo hivyo! Mabega chini. Tumbo ndilo linasogea. Hivi..." Kisha nikasikia pumzi ndefu ikitoka, fuuu, na nyingine, na ya tatu. Mkewe akasema, "Kumbe." Nilijiziba mdomo na kanga nisicheke.

Kuanzia hapo walifanya pamoja kila asubuhi kabla mkewe hajaenda kufagia. Wanasimama wameegemea ukuta, ukuta wangu mimi, visigino, mgongo na kichwa vimegusa, wanavuta, wanatoa. Sitadanganya kwamba alipona. Lakini rangi ilirudi midomoni. Akaanza kwenda bombani mwenyewe na kindoo kidogo. Akaupanda mlima polepole bila kusimama kwa mtu, na yule mzee wa mbwa akalalamika kwamba Kipaza siku hizi anaringa. Alilala bila kuketishwa na mito. Siku moja alicheka mpaka mwisho wa kicheko na hakukohoa, na mkewe akatoka nje akalia.

Hapo ndipo tulipokosea wote. Tulidhani kupata nafuu ni kupata pumzi mpya, na yeye akaamini hivyo kuliko sisi.

Alianza kwa kwenda mashineni "kusalimia tu". Mwenye mashine alimwambia akae mlangoni apange foleni, kazi ya mdomo, haina vumbi sana. Akapanga foleni. Kisha mmoja hakuja kazini, akashika debe. Kisha akashika tena. Mwembamba alimsihi aache, naye akamwambia, "Nimefundishwa kupumua mimi, wewe umefundishwa?" Kabla ya kurudi nyumbani alikuwa akioga kwenye bomba la nyuma ya mashine, anabadili shati, anapanda mlima akiwa safi kama bwana harusi.

Mkewe aligundua alipokuwa anamkata nywele. Unga ulikuwa umekauka ndani ya masikio, kwenye mikunjo, mahali ambapo mtu hajioni. Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Unasaga."

Nikasikia kiti kikilia chini yake.

"Nimekuuliza, baba. Unasaga?"

"Kidogo."

"Mimi nakaa na wewe asubuhi, nahesabu pumzi zako kama mtu anayepima dawa, ili ukalilishe lile jidude?"

"Usipige kelele."

"Nitapiga! Wewe huwezi tena, acha nipige mimi!"

Kipaza alipojibu sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi nisimamishe kazi yangu niisikie. "Nikikaa hapa mlangoni mimi ni nani? Watu wanapita wananihurumia. Pale wananiita. Hata mwenye mashine ananiita. Kule nikifa nitakuwa nimekufa mtu."

Mkewe alimaliza kumkata nywele, akafagia zilizoanguka. Kesho yake walisimama ukutani kama kawaida, na baada ya hapo yeye akaenda shuleni na Kipaza akaenda mashineni, bila kujificha sasa, na kitambaa mkewe alichomshonea cha kufunga puani. Mwembamba alinieleza baadaye kwamba kitambaa hakikukaa. Mtu anayepiga kelele hawezi kufunga mdomo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Baridi ilipoingia alishindwa mlima, akaletwa kwa baiskeli. Kisha akashindwa bomba. Kisha kikombe cha uji kikawa kazi ya asubuhi nzima, maana kumeza na kupumua havikuweza kupita pamoja. Tulimrudisha hospitali, wakamwekea hewa ya mtungi, akakaa siku chache, akaomba arudishwe nyumbani. Kabla hatujamtoa, dada wa mazoezi alikuja kumwona wodini. Hakumkaripia. Alimpangia tu mto mezani, akamwonyesha namna ya kuulalia, mikono imezunguka, mgongo uwe huru. Kipaza akamwambia kwa vipande vipande, "Binti... ulisema... kilichobaki. Nimekila chote."

Aliyebaki na mazoezi ni mkewe. Kifua kilipombana Kipaza, macho yakamtoka, mkono ukitafuta kitu hewani, mkewe aliketi nyuma yake, kifua chake kwenye mgongo wa mumewe, akapumua yeye, polepole, kwa midomo iliyokunjwa. Na nimeona kwa macho yangu, pumzi za Kipaza zilizokuwa zikigombana zikianza kuifuata ile ya nyuma, kama mtoto anayeshikwa mkono barabarani. Macho yalilegea. Hewa haikuongezeka, ila hofu ilipungua.

Alifia nyumbani, akiwa ameulalia mto huo mezani, alasiri. Nilikuwa nimeleta supu. Dada, mkewe, alikuwa nyuma yake kama kawaida, akipumua. Niliona mabega ya Kipaza yametulia, nikasubiri yapande, hayakupanda. Dada aliendelea kupumua. Nilimwita jina lake, akaendelea. Ikabidi nimshike mabega nimtoe pale.

Msibani maneno hayakukosekana. Mmoja akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Dada akanyanyua kichwa. "Hakuficha. Kila siku mlimwona mweupe, mkampa ndoo zenu." Mwingine, kwa nia njema, akasema angalau ameondoka kwa amani. "Amani gani?" akauliza. "Ameondoka bila hofu. Amani ni kitu kingine, hiyo hakuipata." Watu wakatazama chini. Nami nilikuwa miongoni mwao, kwa maana unga wangu nao ulisagwa pale.

Dada alirudi kazini baada ya msiba. Alimwomba mwalimu mkuu fagio la mpini mrefu, wakamcheka kwamba anataka kufagia kama bosi, hakujali. Asubuhi husimama ukutani peke yake. Namsikia. Sijawahi kumwambia kwamba upande wangu nami husimama.

Mwezi uliopita, kabla Dada hajatoka kwenda shuleni, alikuja Mwembamba. Alisimama mlangoni kofia mkononi. Siku hizi yeye ndiye anayemimina.

"Mama, nimekuja..." Akakohoa, akasubiri kipite. "Nilikuwa nataka unionyeshe yale mliyokuwa mnafanya na marehemu."

"Acha kazi ile kwanza."

"Siwezi."

"Basi nenda hospitali. Chumba cha mwisho."

"Nitakwenda. Lakini leo nionyeshe."

Nilidhani angemfukuza. Nilisikia Dada akipumua kwa hasira, kwa kifua cha juu, ile namna mbaya. Alimwambia kwamba hataki kumwona, hataki kuzika mtu mwingine kwa unga, na kama ana akili akauze hata maji barabarani. Mwembamba hakuondoka. Mwishowe nikasikia kigoda kikiburutwa sakafuni.

"Kaa," alisema Dada. "Shusha mabega. Nimesema shusha."

Alimfundisha mpaka akachelewa kazini. Kisha Mwembamba akashukuru, akavaa kofia yake, akateremka mlima kwenda kuwasha mota.