Kizingiti Kwenye Ua wa Chuo

Odilia hakujua kukaa. Ofisi ya majengo ya chuo pale Ifakara ilimpa kiti kizuri cha kuzunguka, lakini kilikaliwa zaidi na koti lake. Akichora, alichora amesimama. Akinywa chai, alizunguka na kikombe akichungulia mawingu ya upande wa milima ya Udzungwa. Wenzake walimtania kwamba akifa watamzika amesimama.

Mawingu yalikuwa na sababu. Alizaliwa Kivukoni, mtoni kabisa, na mwaka alioanza shule mto uliingia ndani ya nyumba yao wakiwa wanakula chakula cha mchana. Tangu hapo hakuuamini mlango wowote ulio sawa na ardhi. Tusimcheke peke yake, maana Ifakara nzima iko hivyo: misingi inainuliwa, na mlangoni hujengwa kizingiti cha zege chenye kimo cha kiganja ili kuzuia maji. Mtu wa hapa hukivuka bila hata kujua kwamba ameinua mguu.

Ikafika zamu ya uwanja ulioko katikati ya madarasa, tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Chuo kilitaka uwe ua ambao kila mtu ataweza kuutumia, na kazi ya kuuchora akapewa Odilia. Aliyemnyima raha hakuwa mkuu wa chuo. Alikuwa Levina, binti wa mkulima wa mpunga kutoka Mngeta, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetumia kiti mwendo. Kila asubuhi wavulana walimbeba yeye na kiti chake kuvuka tope, kwa moyo mweupe kabisa, na Levina aliwashukuru na kucheka nao. Siku alipomfuata Odilia ofisini hakuwa anacheka. Alimwamkia, kisha akamwambia kwamba ameshazungumza na baba yake kwa simu.

"Nimechoka kushikwa, mama. Nikibebwa tena muhula ujao, narudi nyumbani."

Odilia akamwahidi kwamba hatabebwa, wala mtu hatamsukuma bila kumuuliza. Aliahidi haraka haraka, kama afanyavyo kila kitu, kisha ahadi ikaanza kumtafuna.

Akachora njia za mteremko mpole kutoka kila darasa, vishikio vya kando, meza zenye uwazi wa kupitisha magoti, mabenchi yaliyoachiwa nafasi pembeni ili mwenye kiti mwendo akae na wenzake badala ya kukaa mbele yao kama mgeni rasmi. Miti ya kivuli aliiweka mbali na njia, mizizi isije ikapasua sakafu. Fundi Gasper, msimamizi wa ujenzi, aliomba wapumue kidogo. Hakupewa nafasi hiyo.

Siku ya kujaribu, Levina alitoka bwenini peke yake, Odilia kando yake akiongea bila kituo. Walipofika kwenye lango la ua, magurudumu ya mbele yakagota. Kizingiti.

Wavulana waliokuwa wakitazama wakasogea papo hapo, mikono tayari. Levina alirudi nyuma kidogo, macho yake yakiwa chini.

Odilia alifungua mdomo amgombeze Gasper, akaufunga. Alikumbuka kwamba alichora lango lile mvua ikigonga bati, na mkono wake ukaweka kizingiti wenyewe. Gasper akakijenga, na wote wakawa wanakivuka kila siku bila kukiona. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akawaambia wavulana wasimguse, akaomba nyundo na tindo.

Gasper alimvuta pembeni. Ua uko chini kuliko barabara, akamkumbusha kwa upole, na masika yanaingia wakati wowote; wasubiri mvua zipite, ndipo wavunje kizingiti na kuchimba mahali pake mfereji wa kufunikwa kwa wavu. Alisema kweli, na Odilia alijua kwamba anasema kweli. Lakini mvua zikipita Levina atakuwa ameshabebwa tena na kurudi kwao Mngeta. Akapiga magoti, akaanza kuvunja.

Mvua kubwa ya kwanza ilimkuta Levina darasani. Odilia alikuwa langoni na fagio, akisukuma maji nje, nayo yakirudi ndani kama yameitwa. Kengele ilipolia, akamwona Levina akishuka kwenye mteremko wa darasa na kuingia katika maji yaliyokwisha kufunika sakafu. Akatupa fagio, akakimbia, akashika kiti kwa nyuma.

"Mama," Levina alisema bila kugeuka. "Hujaniuliza."

Odilia akauliza, "Nikusukume?"

"Hapana."

Kuachia kile kiti kulimwia vigumu kuliko kuvunja zege. Akaachia. Akafunga mikono nyuma yake mwenyewe, akamfuata taratibu hadi nje ya lango, maji yakimfika vifundoni, roho juu, bila kumgusa.