Seli za Breki na Kabati la Glasi

Mtoto wa dada yangu ni mtaalamu wa ubongo, na kwa miaka tisa nilimweleza vibaya kwa majirani. Walipouliza anachunguza nini huko Ulaya nilijibu "kichwa", nao wakaanza kunipa dalili za maumivu yao nimpelekee.

Aliporudi Kolwezi mwaka jana alitueleza mwenyewe, mezani, tonge la bukari mkononi. Ubongo, alisema, una seli nyingi za kuchochea na seli chache ambazo kazi yake ni kuzuia. Bila hizo chache, cheche moja ingewasha kichwa kizima na mtu angeanguka kifafa. Tena, pale seli moja inapoipa nyingine habari hapabaki vilevile maisha yote: panapotumika sana panaimarika, pasipotumika panafifia. Yeye alikuwa akitazama jinsi seli za kuzuia zinavyoizoea kazi yao. Ndani ya panya.

"Miaka tisa," dada yangu akasema, "mutoto iko nafundisha panya kusimama."

"Kujizuia, mama."

"Hata weye nilikufundisha. Bila bourse, bila feza ya masomo."

Alikuwa amechoka na panya. Profesa wake alimpa wiki tatu ajaribu kwa watu wa kwetu kipimo kidogo cha breki za ubongo. Matokeo yakieleweka, angemruhusu kuhamishia utafiti wake nyumbani kwa miaka miwili. Yasipoeleweka, ni baridi na panya tena. Aliniambia hayo kwa sauti ya chini, maana mama yake alikuwa ameshaanza kupaka rangi chumba atakachokaa.

Kipimo chenyewe kilifanyika katika chumba cha parokia, mtaani Manika: meza, kompyuta, kitufe kimoja. Duara la kijani likitokea, unabonyeza upesi. Lakini mara mojamoja, mara tu baada ya duara, kinalia king'ora kifupi, na hapo usibonyeze. Mkono umeshaanza safari yake, nawe lazima uurudishe. Seli zenyewe huzioni, alisema, ila unaona kazi yao.

Nilijitolea kuwa wa kwanza. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mtaani wananiita professeur; nina diploma mbili na nimewahi kuandika insha ndefu kuhusu kujitawala. King'ora kilipolia nilibonyeza.

"Tonton, ukisikia sauti, unaacha," mpwa akamwambia mjomba wake.

"Nimeelewa."

Kikalia, nikabonyeza.

"Tonton."

"Si njo naacha!" nikasema, nikibonyeza.

Akaandika kitu kwenye karatasi yake na kuifunika kwa kiganja, kama daktari anayengoja ndugu wa mgonjwa wafike.

Watu wengine niliwatafuta mimi, tena kwa uvivu: wote niliwatoa katika barabara yangu, ile inayoishia kwenye uzio wa mgodi. Nilianza na jirani yangu, mjane anayeuza mikate, naye akaniletea wenzake wa kwaya. Mjane hakukosea hata mara moja. Wenzake nao hivyohivyo. Kina mama ambao hawakuwahi kugusa kompyuta walisimama papo hapo kila king'ora kilipolia.

Mpwa wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege. Alimwandikia profesa, na jibu lilikuja siku ileile, limejaa alama za mshangao. Mjane akaanza kutembea barabarani kama mtu aliyepewa cheo.

"Tata professeur," aliniambia mbele ya wateja wake, "docteur anasema kichwa yangu iko na frein, breki ya mupya. Yako, tutaiombea."

Siku ya tatu nilipeleka maji ya kunywa na kuchungulia mlangoni. Mama mmoja wa kwaya alikuwa kwenye kipimo, mpwa wangu amempa mgongo, kama alivyowapa kina mama wote ili wasione haya. King'ora kikalia. Akakiacha kitufe, akanyoosha mikono yote miwili, akaikumbatia kompyuta na kutazama dari. Baada ya kitambo akaiachia, akaendelea na maduara yake.

Mgodi unapokaribia kulipua baruti, king'ora hulia, na katika barabara yetu hakuna anayehitaji kuambiwa la kufanya: unafungua madirisha ili vioo visipasuke, kisha unakwenda kukumbatia kabati la glasi mpaka ardhi itulie. Kina mama wale wamefanya hivyo miaka na miaka. Ile sauti ya mpwa wangu, aliyoiokota kwenye mtandao bila kufikiri, ilikuwa pacha wa ile ya mgodi. Kumbe breki zao hazikuwa zimepimwa kabisa. Walikuwa wakiokoa vyombo.

Papo hapo nikaelewa na aibu yangu. Nyumbani kwangu kabati hushikwa na mke wangu. Kazi yangu mimi ni kunyoosha kidole na kusema, "Shika! Shika!" Na kidole hicho ndicho kilichokuwa juu ya kitufe.

Nikanyamaza. Mtu aliyeshindwa kuzuia kidole aliuzuia ulimi wake siku nne mfululizo, bila kosa. Kila asubuhi nilijiambia nitasema baada ya chai. Dada yangu alikuwa kwenye rangi ya pili.

Kisha mpwa wangu akaniambia kwamba Jumamosi angemtumia profesa ripoti kamili, yenye jina lake juu. Hapo nikaogopa. Kurudi kwa panya ni jambo moja. Kurudi kwao ukiwa mtu aliyeleta uongo, hata kama hakujua, ni jambo jingine. Nikamwita kwangu mchana, tukala, na kompyuta yake ikiwa mezani kati ya sahani nikamweleza.

"Hapana, Tonton. Ni wivu ule. Ulikuwa wa mwisho."

"Nilikuwa wa mwisho, kweli. Lakini wale hawajizuii. Wanashika kabati."

"Kabati gani? Mu salle ya parokia hakuna kabati."

King'ora cha mgodi kikalia. Mke wangu akainuka bila haraka kuelekea kabatini. Mimi nikanyoosha kidole. Mpwa wangu aliendelea kunibishia, sentensi ndefu yenye Kifaransa kingi, huku mikono yake miwili ikiondoka yenyewe na kuikumbatia kompyuta. Amekulia katika barabara hii. Miaka tisa katika mji usiotetemeka, na mikono haikusahau. Ardhi ikaguna, glasi zikagongana. Sentensi yake ikafa katikati. Akaitazama mikono.

"Tonton, ulijua tangu siku gani?"

"Siku ya tatu."

Aliniambia maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Niliyastahili, pamoja na yale ya Kifaransa.

Kesho yake tukatafuta sauti nyingine. Kwa kengele, kina mama walifanya ishara ya msalaba. Kwa mlio wa simu, mikono iliingia kwenye mikoba. Kwa honi ya taxi-moto, zile pikipiki za abiria, walitukana. Mwishowe akaacha sauti kabisa, akaweka duara jekundu, kimya. Mjane akakosea kama binadamu wengine, nami nikawa wa katikati, cheo ambacho sikukizoea.

Alimwandikia profesa yote, pamoja na habari za mikono yake mwenyewe. Siku mbili hazikuleta jibu. Dada yangu, ambaye sasa alijua kila kitu, aliacha brashi ikakauka. Siku ya tatu jibu likaja, halina mshangao hata mmoja: kipimo cha kwanza kimeharibika, lakini mikono inayokumbuka baada ya miaka tisa ni swali zuri kuliko lile alilomtuma nalo. Aandike mpango wa miaka miwili, na aanzie katika barabara hiyohiyo.

Tulikuwa tunausoma ujumbe kwa mara ya nne mjane alipoingia, hakubisha hodi.

"Docteur, juma ile nilikuwa na akili. Juma hii batu banasema niko sawa na professeur. Nani alinibadilisha kichwa?"

"Hakuna, mama. Kipimo cha kwanza kilikuwa na kosa yangu."

"Kosa yako, si yangu. Andika ile ya kwanza."

Mpwa wangu akachukua karatasi, akaandika matokeo yote mawili, ya kwanza juu. Mjane alisoma polepole, akifuatisha mstari kwa kidole, kisha akamrudishia.

"Sasa ongeza: tangu niolewe, kwangu haikuvunjika glasi hata moja."

Akaongeza.